Siku Yetu Moja Huko Cape Town

Wengi wenu mmetuuliza habari za safari yetu ya Afrika ya Kusini, nasi tumejibu kwa maneno mawili matatu njiani, huku kila mtu akiwa na haraka ya kwenda kwake. Leo tumepata nafasi ya kukaa na kuandika. Hatutawaeleza safari nzima, maana ilikuwa ya siku kumi na nne, na nyingi katika hizo zilikuwa siku za kungoja na kupanga mistari. Twataka kuwaeleza habari za siku moja tu, Jumamosi tarehe 26 Aprili 2025. Siku hiyo tuliona wanyama tusiowajua, tukala vyakula ambavyo hatujapata kuvila, tukasikia nyimbo. Na jioni yake likafunguka jambo lililokuwa likitulemea kwa muda wa miaka mitano.

Kwanza yafaa mjue sababu ya safari yetu. Mwana wetu wa pili alikwenda mji wa Cape Town kusoma uhandisi, akamaliza, akapata kazi, asirudi. Habari zake zilikuja, na fedha za ada ya wadogo zake zilikuja, hata hatukuwa na neno la kumlaumu mbele ya watu. Lakini yeye mwenyewe hakuja. Kisha akatuarifu kwamba amepata mchumba, binti wa kabila la Waxhosa, naye ataka tuje tuonane na jamaa zake. Sisi wawili tukatazamana. Hatukusema kitu, lakini kila mmoja alijua mwenzake awaza nini: sasa amefungwa huko, hatarudi tena Usambara.

Mama yetu mzee, ambaye ndiye bibi yake kijana, alipopata habari ya safari alimwita mjukuu mdogo amwandikie barua. Akaikunja kwa mikono yake, akatupa, akasema, "Mpeni mwenyewe mkononi. Msiifungue ninyi." Macho ya mama yamefifia, lakini kauli yake haijafifia, nasi hatukuifungua. Ila twalijua yaliyomo bila kuyasoma, maana twajua moyo wake.

Basi barua ile tulikaa nayo mkobani siku nane bila kumpa. Twaliogopa. Tukimpa akasema, "Siwezi," tutarudi na jibu gani kwa mama? Na akisema, "Narudi," akaiacha kazi na mchumba wake kwa ajili ya huruma tu, je, hatutakuwa tumeyaharibu maisha yake kwa mikono yetu? Kila asubuhi tulisema, Leo. Na kila usiku tulisema, Kesho.

Jumamosi ile mwana wetu alikuja mapema na motokaa, pamoja na mchumba wake. Tulikuwa tumekwisha kuonana naye mara mbili, naye ni binti mwenye adabu, asemaye polepole. Mkononi alikuwa na mfuko wa karatasi wenye joto. Ndani mlikuwa na vitumbua vya unga wa ngano vilivyokaangwa katika mafuta, viitwavyo amagwinya. Tulipovionja tukacheka, kwa kuwa ni maandazi hasa, ila hayana iliki, nayo ni makubwa kama ngumi ya mtu mzima. Chai yao nyingine ni ya majani mekundu, yaitwa rooibos, na kichaka chake chaota katika milima ya sehemu zile tu, upande wa kaskazini wa Cape Town. Rangi yake ni kama ya udongo wetu wakati wa mvua. Mmoja wetu aliipenda tangu siku ile. Mwingine asema hata leo kwamba chai bila maziwa ni dawa.

Tukaenda kusini kwa njia ya pwani, kadiri ya kilometa 40, ghuba iitwayo False Bay ikiwa mkono wa kushoto na milima ya mawe mkono wa kulia, hata tukafika mji mdogo wa Simon's Town, penye manowari za serikali. Mbele kidogo ya mji kuna mahali paitwapo Boulders, yaani Mawe Makubwa, na kweli mawe yake ni makubwa kama nyumba, yamelainishwa na bahari. Hapo ndipo wanapokaa ndege waitwao pengwini.

Sisi tulikuwa tumewaona ndege hawa katika vitabu vya shule, wamesimama juu ya barafu, nasi tuliwafundisha watoto miaka mingi kwamba kwao ni kwenye barafu. Kumbe kuna pengwini wa Afrika, wasiojua barafu kabisa, wakaao katika pwani za Afrika ya Kusini na Namibia. Kimo chake ni kama cha mtoto aanzaye kusimama dede. Kifuani ni kama amevaa kanzu nyeupe, na mgongoni joho jeusi. Atembeapo nchi kavu ni kama mzee mwenye viatu vya kubana. Lakini aingiapo majini hupita kama mshale, maana mabawa yake si ya kurukia, ni ya kuogelea. Juu ya macho ana ngozi ya rangi ya waridi, isiyo na manyoya, ambayo kazi yake ni kutoa joto la mwili. Na kila mmoja ana madoa meusi kifuani mwake, wala madoa ya huyu si sawa na ya yule, kama vile alama za vidole vyetu.

Tulipokuwa tukiwatazama, mara tukasikia punda analia nyuma ya kichaka. Tukageuka kumtafuta punda. Mwana wetu akacheka sana, akasema, "Baba, Mama, ndiye huyo huyo ndege!" Na ndivyo ilivyo, hata Waingereza wa zamani walimpa jina la punda kwa ajili ya sauti yake. Mmoja wetu alicheka hata machozi yakamtoka, na hapo ndipo tulipokumbuka kwamba tangu kufika kwetu hatujacheka pamoja na mwana wetu.

Mlinzi wa mahali pale alitueleza desturi zao. Jike hutaga mayai mawili, na mume na mke huyalalia kwa zamu, kwa muda wa siku 40 hivi; mmoja akiwa majini kutafuta samaki, mwenzake hukaa. Zamani walichimba mashimo ya kutagia katika mboji nene ya mavi yao yenyewe, iliyojikusanya visiwani kwa miaka isiyohesabika. Lakini katika karne ya 19 watu walikuja na majembe, wakaikwangua mboji ile, wakaiuza kuwa mbolea. Mayai nayo yalikusanywa kwa maelfu, yakaliwa. Siku hizi wanadamu huwatengenezea viota vya kubuni, kuwalipa kidogo katika walichowanyang'anya. Hata hivyo wanapungua, maana samaki wao, walio jamii ya dagaa, wamekuwa haba. Mwaka 2024 wenye elimu ya viumbe waliwaandika katika hesabu ya wale walio karibu kabisa na kutoweka; na mwezi mmoja kabla ya kufika kwetu, tarehe 18 Machi 2025, Mahakama Kuu huko Pretoria iliamuru kwamba wavuvi wa nyavu kubwa wasivue dagaa karibu na makao sita ya ndege hawa kwa muda wa miaka kumi.

Juu ya mawe yale tuliona pia pimbi, wanaota jua. Hao tuliwajua mara moja, tukawaamkia kwa Kisambaa, kama mtu akutanaye ugenini na jirani yake.

Mlinzi alipokwisha kusema kwamba ndege hawa walifika Boulders mwaka 1982, jozi mbili tu, kisha wakaongezeka, yule binti alitutazama, akanyosha mkono kuelekea ubavu wa mlima juu ya mji. Akasema, "Bibi yangu alizaliwa pale. Palikuwa na mtaa wa Waafrika uitwao Luyolo. Mwaka 1965 serikali iliwaondoa wote, ikawapeleka Gugulethu, mbali na bahari. Ndege walipokuja walijengewa ua." Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayesoma maandishi ukutani. Nasi hatukupata la kujibu. Wasomaji wetu wajua kwamba serikali ile ya ubaguzi iliwapanga watu mahali pa kukaa kwa rangi zao, nayo ikaondoka ulipofika uchaguzi wa watu wote tarehe 27 Aprili 1994. Twalijua habari hizo kwa kuzisoma. Lakini ni neno jingine kuonyeshwa kwa kidole mahali penyewe, na mjukuu wa aliyeondolewa.

Tuliporudi tulisimama Kalk Bay, bandari ya wavuvi. Mashua zilikuwa zimeingia, na wanawake na wanaume wakapasua samaki juu ya meza, wakipiga kelele za bei. Chini ya gati walikuwamo wanyama wakubwa wa bahari, weusi, wenye masharubu na macho ya mviringo kama ya ndama. Hao ni sili. Kila kichwa cha samaki kilichotupwa walikidaka kabla hakijagusa maji. Mmoja alipanda gatini, akalala katikati ya njia, nasi sote tukamzunguka kwa heshima, maana aliwazidi watu wawili kwa uzito. Mwana wetu akanunua samaki mrefu mwenye meno makali, aitwaye snoek. Na pale, wakati alipokuwa akihesabu fedha, mmoja wetu alitia mkono mkobani, akaigusa barua. Mwingine akatikisa kichwa. Tukasema, Kesho.

Jioni tukafika Gugulethu, nyumbani kwa akina binti. Jina la mtaa huo maana yake ni Fahari Yetu. Tulipokelewa vizuri mno. Babaye binti akamchukua yule samaki, akampasua mgongoni na kumtandaza kama kitabu kilichofunguliwa, akamweka juu ya makaa. Kisha akaleta kopo la jamu ya matunda, akaanza kumpaka. Tukadhani amekosea kopo. Samaki na jamu! Tulipopewa tukala kwa adabu, tonge la kwanza kwa hofu, la pili kwa mshangao, na la tatu bila kungoja kukaribishwa. Utamu wa jamu na chumvi ya samaki na moshi wa makaa vyapatana kabisa, ingawa twajua hamtatuamini.

Lakini chakula kilichotugusa kilikuja baadaye. Mamaye binti alileta chungu, akasema jina ambalo hatuwezi kulitamka wala kuliandika vema: umngqusho. Katikati ya neno hilo pana mlio wa ulimi, kama ulimi wa Wasandawe na Wahadzabe wa kwetu. Tulijaribu kulitamka, na watoto wa nyumba wakaanguka kwa kucheka. Kifuniko kilipofunuliwa, sisi wawili tulipiga kelele pamoja, "Kande!" Zilikuwa mahindi yaliyopondwa kuondolewa maganda, yakapikwa na maharagwe kwa saa nyingi. Hazikuwa na nazi. Hiyo tu ndiyo tofauti. Tulipowaeleza kwamba sisi nasi tumelelewa kwa chakula hicho, mamaye binti alitutilia tena bila kutuuliza.

Ndipo tulipoanza kupimana lugha, kama watoto. Sisi tukasema nyama, wao wakasema inyama. Sisi maji, wao amanzi. Sisi watu, wao abantu. Sisi ndovu, wao indlovu. Sisi tatu, wao ntathu. Bibi yake binti, aliyekuwa ameketi pembeni amejifunika blanketi, hakusema neno, bali kila tulipopatana aligonga fimbo yake sakafuni mara moja.

Baada ya kula tukaenda wote ukumbini, karibu na nyumba, kwa sababu kwaya yao ilikuwa ikijitayarisha kwa Siku ya Uhuru itakayokuwa kesho yake. Waimbaji walikuwa kama thelathini, bila kinanda, na mikononi walishika karatasi zenye nota za do, re, mi, zile zile tulizofundishwa nazo sisi shuleni. Waxhosa ni hodari mno wa kuimba. Sauti za chini zilitikisa mabenchi. Waliimba nyimbo tatu tusizozijua. Kisha mwalimu wao akainua mkono, wakasimama wima, wakaanza wimbo wa taifa lao.

Ndugu zetu, mwajua wimbo huo. Sehemu yake ya kwanza, iitwayo Nkosi Sikelel' iAfrika, ilitungwa mwaka 1897 na mwalimu wa shule ya misheni karibu na Johannesburg, jina lake Enoch Sontonga, aliyekufa mwaka 1905 angali kijana. Kaburi lake lilisahauliwa miaka mingi, hata mwaka 1996 ndipo lilipowekewa ukumbusho wa taifa. Tangu mwaka 1961 sauti ya wimbo huo ndiyo yetu pia, katika Mungu Ibariki Afrika. Tena siku ile tarehe 26 Aprili ni siku yetu ya Muungano, nasi kwa mara ya kwanza tulikuwa mbali na bendera yetu. Tuliposikia sauti ile tulisimama, tukaimba kwa Kiswahili, kwanza polepole, kisha kwa nguvu. Mwana wetu alisimama kati yetu. Aliimba mstari mmoja Kixhosa kwa kumfuata mchumba wake, na mstari uliofuata Kiswahili kwa kutufuata sisi, na sauti yake ikakatika. Mmoja wetu alilia. Hatutasema ni yupi.

Tuliporudi nyumbani yule bibi akaita jina la mwana wetu, akamketisha karibu naye, ili atufasirie. Akatuuliza, "Huko kwenu mmemwacha nani?" Tukamjibu, "Tumemwacha mama yetu, bibi yake kijana huyu." Akauliza, "Amemwona lini?" Tukanyamaza. Basi mkoba ulifunguliwa, wala hatujui hata leo ni mkono wa nani uliotangulia. Tukampa mwana wetu barua, akaisoma kwa Kiswahili, kisha kwa lugha yao, polepole. Ilikuwa fupi. Mama aliandikisha hivi: "Mjukuu wangu, macho yangu yamechoka, masikio bado. Njoo nisikie sauti yako. Kama una mke mlete, kama huna jilete."

Nyumba nzima ilikuwa kimya. Yule bibi akasema maneno mengi, na mwana wetu, aliyekuwa mkalimani wetu, akaanza kuyafasiri, kisha akashindwa. Binti ndiye aliyemalizia. Bibi alisema, "Mimi niliondolewa kwetu nami ni msichana. Miaka mingi nilipita pale kama mgeni, nikatazama madirisha ya watu wengine. Sisi mlango wetu ulifungwa na serikali. Wewe wako umeachwa wazi, na mzee amekaa mlangoni, nawe huendi? Huyu mjukuu wangu sitampa mtu asiyejua njia ya kwao."

Wasomaji, tulikuwa tumeogopa kwamba jamaa zile watamfunga mwana wetu asirudi. Kumbe ndio waliomrudisha.

Naye akatueleza usiku ule, tukiwa tumebaki sisi watatu, sababu ya kukawia kwake. Mwaka wa kwanza wa kazi hakuwa na nauli. Mwaka wa pili alikuwa nayo, akaona haya kwa kuwa hakuja mwaka wa kwanza. Na kila mwaka haya ile ilizaa nyingine, hata ikawa kubwa kuliko safari yenyewe. Tukamsikiliza, tukaona haya sisi nasi. Maana siku nane tulizokaa na barua mkobani zilikuwa za namna hiyo hiyo.

Mwezi wa Desemba 2025 walikuja wote wawili. Mama alimpapasa mjukuu wake uso, akasema amekonda, ingawa amenenepa. Yule binti akaingia jikoni, akatwanga mahindi ya shambani petu, akapika kama walivyo wapikaji wa kwao. Mama alionja, akatafuna muda mrefu, kisha akasema, "Kande nzuri. Zimekosa nazi tu. Atajifunza." Nasi twajua kwamba kwa kinywa cha mama hiyo ni baraka kubwa.

Januari walirudi Cape Town, kwenye kazi zao. Hatuwezi kusema tulipata yote tuliyoyataka, maana nyumba yao itakuwa huko, na wajukuu wetu pengine watayajua pengwini kabla ya kuyajua mashamba ya Usambara. Lakini njia imefunguliwa, nayo yapitika. Nanyi mlio na barua mkobani, ya kumpa mtoto au ya kumpa mzazi, twawasihi msingoje kesho. Haya haipungui kwa kuwekwa.

Wasalaam,
Sisi ndugu zenu, wazazi na walimu, wa Usambara.